Tangazo Nalo ni Kitabu cha Kiingereza

Kiegeani ni moja ya kata za Wilaya ya Mafia, mkoani Pwani. Kama ilivyo mahali pengi kisiwani humo, maisha ya watu huendeshwa na bahari pamoja na shamba: uvuvi, minazi, mihogo na mikorosho. Mwalimu wa Kiingereza afundishaye katika mazingira ya namna hiyo huwa na malalamiko yale yale ambayo yamesikika nchini kwa miaka mingi: vitabu havitoshi, na mwanafunzi akishatoka darasani hana tena mahali pa kukutana na lugha hiyo. Malalamiko hayo yana ukweli mwingi. Hata hivyo, sehemu moja yafaa ichunguzwe upya, nayo ni ile isemayo kwamba kijijini hakuna Kiingereza cha kusoma.

Kiingereza kipo, tena tele. Kipo kwenye pakiti ya dawa, kwenye kopo la rangi ya mashua, kwenye kifuniko cha injini, kwenye boya la kujiokolea, kwenye chupa ya dawa ya kuulia wadudu, kwenye mabango ya hoteli za Utende, na kwenye matangazo ya kazi na zabuni yanayobandikwa katika mbao za ofisi. Mwananchi huyapita maandishi hayo kila siku bila ya kuyasoma, mfano wa mtu apitaye mbele ya duka hali akijua kuwa mfukoni hana kitu. Kosa si lake. Darasani alizoeshwa kuamini kwamba Kiingereza makazi yake ni kitabuni, na kwamba kilichoandikwa kwenye kopo ni mapambo ya kopo.

Watu wa Mafia hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kuwaongoza. Mwishoni mwa mwaka 1970, katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka mpya, Mwalimu Julius Nyerere alizitaja wilaya sita ambazo zilitakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Mafia ilikuwa mojawapo, pamoja na Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Wakati huo huo, huko Mwanza na mikoa ya jirani, kuanzia mwaka 1968 ulikuwa ukiendeshwa mradi uliosaidiwa na UNESCO, ambao ndio ulioeneza nchini kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Vitabu vya mradi huo havikuanza na habari za nchi za mbali. Mkulima wa pamba alisoma juu ya pamba, mvuvi akasoma juu ya uvuvi, na mwenye migomba akasoma juu ya ndizi. Neno alilolisoma jioni lilimngoja shambani asubuhi.

Matokeo ya juhudi zile yanajulikana. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kwa hesabu za Serikali, mwaka 1975 waliobaki katika hali hiyo walikuwa asilimia 39, na mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Lakini ilionekana mapema kwamba aliyejua kusoma bila ya kupata cha kusoma husahau. Ndiyo sababu mwaka 1974 lilianzishwa huko Mwanza gazeti la vijijini liitwalo Elimu Haina Mwisho, ili msomaji mpya asikae bure. Mafunzo mawili yanapatikana hapo. La kwanza, mtu hujifunza upesi kusoma kile kinachomhusu. La pili, kusoma hudumu pale ambapo kuna maandishi ya kila siku.

Je, mafunzo hayo yamewahi kutumiwa kwa dhati katika kufundisha Kiingereza? Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na Kiingereza kimekuwa somo. Mtoto aingiapo sekondari, Kiingereza hicho hicho hugeuka kuwa lugha ya kufundishia historia, hesabu na elimu ya viumbe. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa taarifa iliyoonyesha kwamba ni wachache mno, hata miongoni mwa wanafunzi wa Kidato cha Nne, waliokuwa na Kiingereza cha kuwatosha kusomea masomo mengine. Dawa iliyofuata ilikuwa kupeleka mashuleni vitabu vyepesi vya kusoma. Vitabu ni jambo jema, na hakuna mwalimu atakayevikataa. Ila vitabu huchakaa, huibwa, na huchelewa kuvuka bahari. Pakiti ya dawa haichelewi, kwani ugonjwa nao hauchelewi.

Yafaa basi kuonyesha kwa mifano jinsi maandishi haya madogo yanavyoweza kufundisha lugha. Chukua maneno manne yaliyozoeleka kwenye chupa za dawa ya kikohozi: "Shake well before use." Mwanafunzi anayejua kwamba "well" ni kisima atashangaa kuona kisima ndani ya chupa. Hapo ndipo mwalimu apatapo nafasi ya kumwonyesha kwamba neno hilo ni moja kwa sura na mbili kwa maana. Atamwonyesha vile vile kwamba "use" la hapo ni jina, si kitendo, na kwamba hata matamshi yake hubadilika. Chukua tena onyo la "Keep out of reach of children." Humo mna amri, mna jina lililotokana na kitendo, na mna jambo la kuokoa maisha ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ni vigumu kupata sentensi ya kitabuni yenye faida tatu kwa mpigo.

Upo mfano mwingine wenye hatari zaidi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba silabi "in" mwanzoni mwa neno la Kiingereza hukanusha, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Kisha hukutana na pipa la mafuta lililoandikwa "inflammable". Kwa kufuata kanuni aliyokariri, atasema kuwa mafuta hayo hayawaki moto. Kumbe maana yake ni kinyume kabisa: yanawaka upesi. Neno hilo limewahi kuwapotosha hata Waingereza na Wamarekani wenyewe, hadi wahusika wa usalama wakaona ni heri kuandika "flammable" ili kuondoa shaka. Katika kisiwa ambacho petroli hufika kwa chombo, na chombo hicho huchukua pia abiria, kulielewa neno hilo si suala la alama za mtihani.

Matangazo ya kazi nayo yana sarufi yake. Kijana anayetafuta kazi katika hoteli husoma kwamba jambo fulani "must", na jingine litakuwa "an added advantage". Asipojua tofauti, atakata tamaa kwa kukosa sifa ambayo haikuwa ya lazima, au atapoteza nauli kwa kupuuza sifa ambayo ilikuwa ya lazima. Barua za sifa ni hivyo hivyo. Nahodha aliyewatembeza wageni huweza kuandikiwa karatasi, akaitunza miaka mingi akiamini kuwa anasifiwa. Lakini katika desturi ya Kiingereza, barua isemayo tu kwamba mtu huwahi kazini na huvaa nadhifu imenyamaza kuhusu kazi yenyewe, na kunyamaza huko ni kauli. Mtumishi wa umma anayesoma barua za waombaji hana budi kuvijua vilivyoandikwa na visivyoandikwa.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza cha matangazo ni kibovu. Neno lao lina haki yake. Tangazo hubana maneno ili litoshe ubaoni: "Wet paint" si sentensi, na "No entry" haina kitendo. Mwanafunzi akijilisha hayo peke yake ataandika insha kama mtu apigaye simu ya maandishi ya zamani, ambayo kila neno lilikuwa na bei yake. Isitoshe, mabango mengi yamejaa makosa. Lakini kasoro hizo zenyewe ni mazoezi. Mwalimu na awaambie wanafunzi waitimize sentensi iliyokatwa, na walisahihishe bango lililokosewa. Anayeweza kusahihisha ameshavuka hatua ya kukariri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Tangazo la biashara ni sauti ya mtu anayetaka fedha ya msomaji, na kumfunza mtoto kulisoma bila ya kumfunza kulitilia shaka ni kumpeleka mnadani akiwa amefumba macho. Bei iliyotanguliwa na neno "from" siyo bei atakayotozwa. Maneno madogo ya chini, "Terms and conditions apply", hutangaza kuwa yako masharti ambayo hayakuonyeshwa. Vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku nchini, na bado vipo wanaovipenyeza sokoni. Mbele ya kopo huandikwa sifa za urembo kwa herufi kubwa. Nyuma yake, kama muuzaji amekuwa mkweli, huandikwa kwa herufi ndogo "mercury" au "calomel", ambalo ni jina jingine la chumvi ya zebaki. Msichana ajuaye kusoma upande wa nyuma ana kinga ambayo mwenzake hana. Kwa hiyo somo la matangazo lisiwe somo la kumeza, bali liwe somo la kuuliza: nani ameandika, anataka nini, na ameficha nini?

Pingamizi la tatu latoka kwa wapenzi wa Kiswahili, nao wasikilizwe. Je, kuhimiza Kiingereza cha kopo na bango si kurudisha kasumba kwa mlango wa uani? Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Aliyesema hivyo ndiye aliyekuwa ametafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikachapishwa mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969, na ndiye ambaye chini ya uongozi wake Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Kwake kujua lugha ya wengine hakukumaanisha kuidharau ya nyumbani. Tangu hapo Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama nchini mwaka 2021, na katika mwaka huo huo UNESCO ikaitangaza Julai 7 kuwa siku yake duniani. Lugha yenye heshima hiyo haiwezi kutishwa na kijana anayesoma maelezo ya injini.

Lakini mpaka uwekwe bayana. Kusoma Kiingereza cha tangazo ni faida kwa mwananchi. Kusiwe sharti la kupata haki yake. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995 chini ya sheria ya mwaka 1994 iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ina eneo la kilomita za mraba 822, na eneo hilo limegawanywa kwa matumizi mbalimbali: pako panapozuiwa uvuvi, pako panaporuhusiwa kwa masharti, na pako pa matumizi ya jumla. Mvuvi hawezi kuadhibiwa kwa haki kwa kuvuka mpaka ambao hakuelezwa kwa lugha aijuayo. Ilani yoyote inayogusa riziki, afya au uhuru wa mtu haina budi kuandikwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, na Kiingereza kifuate. Huo ni wajibu wa ofisi, na hauwezi kuhamishiwa kwa mwalimu.

Tena ilani ya lugha mbili ndiyo kitabu bora kuliko vyote. Msomaji huweka mstari juu ya mstari, akaona wapi lugha hizi zinakubaliana na wapi kila moja inafuata njia yake. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, na wageni hulipa ili waogelee naye. Wageni hukatazwa kumgusa na kumzibia njia. Baharia anayeijua kanuni hiyo kwa lugha zote mbili ataweza kumkataza mgeni kwa adabu na kwa uthabiti. Asiyeijua kwa lugha ya mgeni atanyamaza, na samaki yule ambaye ni riziki ya kijiji atasumbuliwa mbele ya macho yake.

Yanayotakiwa si makubwa, wala hayahitaji fungu jipya la fedha. Kila darasa na liwe na daftari la matangazo, ambamo wanafunzi watabandika karatasi za pakiti tupu, vipande vya magazeti na nakala za mabango, na chini ya kila kimoja waandike Kiswahili chake. Ofisi za Serikali zizipeleke shuleni nakala za zabuni na matangazo ya kazi yaliyopitwa na muda, badala ya kuyachoma. Wanafunzi waandike ilani za kijiji, za kisima na za zahanati, kwa lugha zote mbili, na zibandikwe mahali pa watu kuzisoma. Na watunga mitihani wakumbuke kuweka walau swali moja linalotokana na tangazo la kweli, kwani mwalimu hufundisha kile anachojua kitaulizwa.

Hatimaye kipimo cha elimu ni kile kinachobaki mtu akishatoka darasani. Mtoto wa Kiegeani atakayeweza kulisoma onyo lililoandikwa kwenye pipa la petroli atakuwa amejifunza Kiingereza. Asiyeweza, hata kama amefaulu mtihani kwa alama za juu, bado atahitaji mtu wa kusimama kando yake na kumwambia asiwashe kiberiti.