Kasomee leseni ya redio, wewe mwandika programu

Wanaoniuliza ni watu wa kazi yangu, waandika programu wenye digrii kama yangu, na swali lao ni moja: leseni ya redio ya nini na simu unayo mfukoni? Wengine huongeza na kicheko. Haya basi, leo nitajibu kwa kirefu. Na nikimaliza kujibu nitawachokoza kidogo.

Kwanza tuelewane. Redio ninayosema si ya kutangaza habari na kupiga muziki. Ni redio ya ridhaa, ridhaa kama tunavyosema mchezaji wa ridhaa: unacheza kwa mapenzi, hulipwi, na huruhusiwi kuifanyia biashara. Unazungumza na mwenye leseni mwenzako, awe yuko Karatina au Japani. Kanuni za dunia zinawekwa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, na hapa Kenya leseni inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ile tuliyokuwa tukiiita CCK. Ukipewa leseni unapata jina lako la hewani. La Kenya huanza na 5Z4, Watanzania wana 5H, Waganda 5X. Waliokuwa hewani hapa kabla ya uhuru walikuwa VQ4. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye jina kama lako, na nakwambia, ni tamu kuliko jina lolote la kujisajilia mtandaoni.

Sasa kwa nini mwandika programu? Chuoni tulifundishwa matabaka saba ya mtandao. Lile la kwanza, la waya na mawimbi, mhadhiri alilipa kama dakika kumi hivi, halafu tukapanda juu na hatukushuka tena. Ndiyo maana nchi hii ina vijana wengi wanaoweza kuandika seva ya kuhudumia maelfu ya watu, lakini ukiwauliza kwa nini WiFi inafika jikoni na haifiki chumba cha nyuma, jibu lao ni kuzima rauta na kuiwasha tena. Mtihani wa leseni ya redio ni lile tabaka la kwanza, lote, na hauwezi kulikwepa.

Wala si hesabu za kutisha. Kanuni ya Ohm. Volti mara ampea ni wati. Ukiongeza desibeli 3 umezidisha nguvu mara mbili. Urefu wa wimbi kwa mita ni 300 gawanya kwa megahezi. Mengi yaliyobaki yanatoka hapo. Chukua masafa ya MHz 145: wimbi lina mita 2 na kidogo, robo yake, ukipunguza asilimia 5 hivi kwa sababu ya waya wenyewe, ni sentimita 49. Kata waya wa hanga ya nguo kwa kipimo hicho na una antena. Kwa MHz 7.1, antena ya nusu wimbi ni 143 gawanya kwa 7.1, mita 20 na ziada, waya wa kutandaza kati ya migrevilea miwili ya mpaka wa shamba. Nani kati yetu hana mgrevilea?

Vitabu nilivyosomea ni vya Kiingereza, vya Marekani na Uingereza, kwa sababu kwa Kiswahili sijakutana na hata kimoja. Wamarekani wana tabia nzuri ya kuchapisha maswali yao yote pamoja na majibu. Ngazi yao ya kwanza, Technician, ina maswali kama 400, mtihani unachota 35, ukipata 26 umepita. Waingereza kwenye ngazi ya Foundation wanauliza 26 na kupita ni 19. Ni mazoezi mazuri na ni ya bure. Ila tahadhari mbili. Ya kwanza, dunia ya redio imegawanywa kanda tatu. Marekani ni kanda ya 2 na Afrika nzima ni kanda ya 1. Bendi ya mita 2 kwao inafika MHz 148, kwetu inakomea 146. Ya mita 40 kwao inafika 7.3, kwetu 7.2. Ukimeza mipaka yao utajibu ya watu wengine. Ya pili ni ya tabia zaidi: kukariri majibu 400 ni sawa na kunakili msimbo wa Stack Overflow bila kusoma swali lililoulizwa. Utapita. Halafu utapanda juu ya paa la mabati na waya mkononi, hujui uukate wapi.

Kuhusu alama za Morse, usiogope. Tangu mkutano wa ITU wa 2003, kila nchi inaamua yenyewe kama itawadai watu Morse kwa masafa ya chini ya MHz 30, na nchi nyingi ziliacha. Mimi bado nazipenda lakini hilo ni la kwangu.

Tuje nyumbani sasa, maana hapa ndipo mambo yanaponoga. Sisi wa Nyeri tumekaa kwenye bakuli. Huku mashariki kuna Mlima Kenya, mita 5,199. Huku magharibi kuna Aberdare, kilele chake kama mita 4,000. Masafa ya juu kama MHz 145 husafiri kama mwanga wa tochi, moja kwa moja, yakikutana na jiwe yamekwisha. Kutoka Nyeri unaweza kuongea vizuri na mtu wa Mweiga au Othaya ukiwa na antena nzuri, lakini Meru? Mlima wote umesimama katikati. Unahitaji ripita juu ya kilima fulani, na ripita inahitaji umeme, na mtu wa kuitunza, na kufuli lisilovunjika.

Lakini shuka hadi MHz 7 uone. Tandaza ule waya wa mita 20 chini chini, mita tatu au nne kutoka ardhini, na mawimbi hayaendi kando, yanarushwa juu kama maji ya bomba lililopasuka. Yanafika kwenye ionosfia, kilomita kama 300 hivi juu, yanarudi chini kama mvua na kulowesha eneo la mamia ya kilomita kote kote. Mlima hauhusiki tena, umerukwa. Na huku kwetu, kwenye mstari wa ikweta, jua la mchana linaipika ile ionosfia vizuri kuliko Ulaya, kwa hiyo MHz 7 mchana ni kama barabara ya lami. Nyeri hadi Meru, Nyeri hadi Nanyuki, Embu, Chuka, bila mnara, bila satelaiti, bila kampuni yoyote katikati. Betri ya gari, waya na watu wawili wenye leseni.

Watu wawili. Hapo ndipo penye shida.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingine ulirudi baada ya saa nyingi sana. Mnara wa simu una betri, na betri ina saa zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kunyata. Mwezi uliotangulia mvua zilikuwa zimebomoa madaraja na barabara. Miteremko ya Aberdare upande wa Murang'a huporomoka mvua zikizidi, hilo kila mtu wa huku analijua. Sisemi redio ya ridhaa ingeokoa nchi. Sipendi wanaoiuza hivyo, kana kwamba mtu mmoja na kisanduku chake ni jeshi la uokoaji. Ninachosema ni kwamba mji wenye mtu mmoja mwenye leseni ni sawa na mji usio naye, maana ataongea na nani? Unahitaji wawili watatu Nyeri, wawili watatu Nanyuki, Meru, Embu, Kerugoya, na wawe wamezoeana hewani kabla ya siku mbaya. Redio iliyokaa kabatini mwaka mzima haitawaka siku ya mafuriko, na ikiwaka mwenyewe atakuwa amesahau vitufe.

Kuna wanaonijibu: si tununue tu zile Baofeng za bei rahisi, kama za walinzi, tugawane? Hapana. Kwanza ni kosa la kisheria kurusha mawimbi bila leseni. Pili, kifaa kile kinafungua masafa mapana sana, kuanzia 136 hadi 174 na 400 hadi 520, na humo ndani kuna polisi, ambulansi, walinzi na makampuni. Asiyesoma hajui yuko kwa nani. Mtihani si kero ya serikali, ni wa kukuzuia usiingie kwenye mazungumzo ya ambulansi ukidhani unamwita binamu yako. Mimi sitaki mtihani ufutwe wala ulegezwe. Nataka uandikwe kwa Kiswahili pia, na ufanyiwe miji ya huku. CA wana ofisi ya kanda hapa Nyeri, chuo kikuu cha Dedan Kimathi kiko kilomita chache kutoka mjini na kina vyumba vya kutosha. Chama cha redio ya ridhaa nchini, ARSK, ndicho mwanachama wa umoja wa dunia, IARU. Vipande vyote vipo, vimelala tu.

(Najua, sisi wa mlimani tunaambiwa Kiswahili tuliwaachia watu wa pwani. Lakini jaribu kumweleza fundi wa dishi wa Karatina habari za desibeli kwa Kiingereza cha vitabu, halafu mweleze kwa Kiswahili, uone ni wapi atakuuliza maswali ya maana.)

Kwa wapenzi wa misimbo, kitu kitakachowateka ni FT8. Ilitolewa 2017 na Joe Taylor, yule wa Nobel ya fizikia ya 1993, pamoja na Steve Franke. Ujumbe mzima ni biti 77: jina la hewani biti 28, la mwenzako biti 28, mahali ulipo biti 15, na vibendera vichache. Unarushwa ndani ya dirisha la sekunde 15, upana wa hezi 50 tu, na marekebisho ya makosa yake yanautoa ujumbe hata pale sikio lako linaposikia mvumo mtupu. Programu yenyewe, WSJT-X, ni huria, kaisome. Baada ya kuona biti 77 zikivuka bahari kwa wati 5 utaona aibu kidogo kuhusu JSON zako. Kumbuka tu kwamba hewani hakuna siri: kanuni za ITU zinakataza kuficha maana ya ujumbe, kwa hiyo yale mazoea yetu ya kusimba kila kitu yaache mlangoni.

Na zile biti 15 za mahali zina utamu wake. Dunia imegawanywa miraba, na mpaka mmoja unapita kwenye ikweta. Nyeri, Embu na Chuka ziko KI89. Meru iko KJ80. Nanyuki ikweta inaikata, kwa hiyo unaweza kuvuka barabara ukahama mraba. Wakusanya miraba wa Ulaya wangelipa nauli kwa jambo hilo.

Wengine waliopaswa kuwa mbele yetu ni maskauti. Baden-Powell amezikwa hapa hapa Nyeri, 1941, na watu hutoka mbali kuja kuliona kaburi. Kila Oktoba, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, maskauti wa dunia hukutana hewani kupitia redio za ridhaa, Jamboree On The Air. Mji wenye kaburi lile ungestahili kituo cha kudumu, na watoto wakisimama kwenye kituo cha mwenye leseni wanasalimia dunia.

Haya, wa kuanza anaanzia wapi? Kusikiliza bendi za ridhaa ndiko mwanzo, hata kabla hujashika kitabu. Fomu na ada waulize CA wenyewe, maana hizo hubadilika. Kama una dishi la zamani lisilotumika, lielekeze satelaiti ya Es'hail-2, digrii 25.9 mashariki; kutoka Nyeri hiyo ni karibu utosini, kimo cha digrii 77 ukiegemea magharibi. Ina mtambo wa redio ya ridhaa, QO-100, tangu ilipopaa Novemba 2018. LNB ya kawaida ikilishwa volti 13 itashusha ile MHz 10,489 hadi 739 hivi, na kidude cha RTL-SDR cha USB kitakusikilizisha watu kutoka Brazili hadi Thailand. Bila dishi, tafuta redio ya mawimbi mafupi yenye SSB, uweke MHz 14.100. Kuna vituo 18 vya ishara duniani vinavyopokezana, sekunde 10 kila kimoja, mzunguko wa dakika 3 kuanzia saa kamili. Kila kimoja kinataja jina lake kwa Morse na kupiga mistari minne, wati 100, 10, 1, na 0.1. Cha Sri Lanka, 4S7B, zamu yake ni dakika 1 na sekunde 30, cha Afrika Kusini, ZS6DN, sekunde 40, cha Kenya, 5Z4B, sekunde 50, cha Israeli, 4X6TU, dakika 2 kamili. Huenda ukamsikia wa Afrika Kusini na wa Kenya usimsikie kabisa. Ukiweza kunieleza kwa nini, tayari una jibu la swali moja la mtihani.