Maoni: Kabureta isiyokunywa esansi haipo, tuache kuinunua

Wasikilizaji na wasomaji wetu, mlio wenyeji wa Butembo na ninyi mliofika hapa mkikimbia vita, leo siongei juu ya mapigano wala juu ya msaada. Naongea juu ya kabureta. Najua wengine watacheka. Lakini katika kartie zetu pikipiki moja inaweza kulisha nyumba mbili, na juma lililopita niliona pikipiki moja iliyokufa kwa sababu ya hadithi.

Nilikuwa kwenye garaji ya kando ya barabara, ile ya chini ya mikaratusi, nikingoja fundi anifungie mnyororo. Akaja kijana mmoja akiisukuma piki yake kwa miguu. Ni motari, mkimbizi wa ndani kutoka upande wa Kanyabayonga. Yeye, mke wake na watoto wanalala kwa familia iliyowapokea. Piki si yake. Kila jioni anampelekea mwenye piki hesabu yake, na kinachobaki ndicho chakula.

"Papa, imegoma kabisa," akamwambia fundi. "Nilikuwa nashuka Kasindi na watu wawili, ikapiga kelele, ikafunga."

Mzee hakujibu. Alitoa buji kwanza, akaiangalia, akanionyesha. Ilikuwa nyeupe kama mfupa. Kiisha akauliza: "Nani alikuwekea kabureta hii?"

Hapo hadithi ikatoka. Mtu mmoja alipita kwenye vituo vya wamotari na mfuko mdogo. Ndani mlikuwa na kabureta zenye kibandiko cha rangi ya dhahabu. Alisema ni za zamani, za Wamarekani, zimebaki chache duniani, kwa sababu wakubwa wa mafuta walizinunua zote wakazificha. Ukifunga moja, lita moja inafanya kazi ya lita tatu. Akaonyesha na video kwenye simu. Kijana alilipa dola 45, zaidi ya mara tatu ya bei ya kabureta ya kawaida, na akaacha ile yake ya zamani kama nyongeza. Pesa zilitoka kwenye vitenge vya mke wake, vile alivyovuka navyo.

Fundi aliifungua ile ya dhahabu mbele yetu. Ndani ilikuwa kabureta ileile ya kila siku. Namba zake zilikuwa zimekwanguliwa kwa tupa. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilishwa: jikleri, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitisha esansi. Waliweka chenye tundu dogo zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ujanja ulipo. Kijana alituapia kwamba siku nne za kwanza esansi ilipungua kweli. Nami namwamini. Butembo iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Esansi kilo 1 inataka hewa karibu kilo 15 ili iungue vizuri. Piki nyingi zinafika kwetu zikiwa zimepimwa kwa hewa nzito ya chini, kwa hiyo huku juu zinapewa esansi kuliko hewa iliyopo. Ndiyo maana buji zinakuwa nyeusi na moshi unanuka. Ukiweka jikleri ndogo kidogo huku juu, unapunguza kile kilichokuwa kinamwagika bure. Kazi hiyo fundi wetu anaifanya kwa bei ya chupa mbili za bia.

Lakini yule muuzaji aliweka tundu dogo mno. Kijana aliposhuka bondeni mwa Semuliki, hewa ikawa nzito na mzigo mkubwa, na esansi ikawa haitoshi. Esansi ikipungua kupita kiasi injini haipoi: inawaka joto, pistoni inavimba, inang'ang'ana ndani ya silinda. Ndivyo ilivyokuwa. Alipata faida ya siku nne akapoteza injini siku ya tano.

Hadithi aliyouziwa si ya jana. Nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na nimetumia muda kuifuata hadi inakotoka. Inatoka Canada. Miaka ya 1930, katika mji wa Winnipeg, kulikuwa na mtu aitwaye Charles Nelson Pogue. Alibuni kabureta iliyotumia joto la moshi wa ekzosi kuigeuza esansi kuwa mvuke kabla haijaingia kwenye injini. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba gari lenye kifaa chake linaweza kwenda maili 200 kwa galoni. Kwa vipimo vyetu ni zaidi ya kilometa 70 kwa lita moja, gari zima la vyuma vya miaka ile likinywa kidogo kuliko pikipiki zetu! Kabureta hiyo haikufika sokoni. Basi watu wakasema: imefichwa. Na kila mara bei ya mafuta inapopanda duniani, kama mwaka 1973, hadithi za namna hiyo zinapata nguvu upya.

Ila kuna jambo ambalo wauzaji wa mifukoni hawalisemi. Pogue aliandikisha uvumbuzi wake kwa serikali ya Marekani, na hati ya mwisho kati ya zile maarufu ilitolewa Januari 1936. Hati kama hiyo haifichi kitu, inakianika. Michoro yote imo, kila bomba na kila valvu, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Ulinzi wake ulikuwa wa miaka 17, ukaisha mwaka 1953. Tangu hapo kiwanda chochote, cha China, cha India, cha Brazil, kingeweza kuitengeneza bila kumlipa mtu senti. Viwanda hivyo vinagombania soko la wamotari wetu kwa tofauti ya dola chache. Kingekosaje kimoja cha kuichukua?

Sababu iko ndani ya injini. Injini nzima yenye afya tayari inachoma karibu esansi yote inayopewa. Kinachopotea si esansi, ni joto. Katika joto linalotoka kwenye esansi, robo hivi, au theluthi kwa injini nzuri sana, ndiyo inayosukuma gurudumu. Lingine lote linatoka na moshi na linapotea kwenye vyuma. Kazi ya kabureta ni kuchanganya hewa na esansi tu. Haiwezi kulirudisha joto lililokwisha kwenda. Idara ya mazingira ya Marekani imepima au kuchunguza vifaa zaidi ya 100 vilivyodaiwa kupunguza mafuta, na haikukuta hata kimoja kilichopunguza kwa kiasi kikubwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kabureta adimu za zamani ni uongo. Zipo, na mimi nazipenda. Chukueni ile ya John Robert Fish, Mmarekani wa Florida. Kabureta yake haikuwa na jikleri kama hizi zetu. Esansi ilipimwa na mkono mdogo uliozunguka ndani pamoja na kile kipande kinachofungua njia ya hewa. Februari 1955 gari la Buick la kampuni ya Fish, likiendeshwa na Fireball Roberts, lilikuwa la kwanza kumaliza mashindano ya mchangani Daytona. Kiisha wakaguzi wakalifungua, wakakuta vijiti vinavyosukuma valvu vimenolewa kinyume cha sheria, na ushindi ukapewa Tim Flock. Kosa halikuwa kwenye kabureta hata kidogo. Lakini waulize wapenzi wa hadithi: watakuambia Fish alinyang'anywa. Huko Uingereza kifaa chake kilitengenezwa kwa jina la Reece-Fish, baadaye Minnow Fish, na vijana wenye magari madogo ya Mini wakakifunga. Leo ukikipata kizima, mwenye kukusanya vitu vya zamani atakililia.

Kwa wenzetu wa pikipiki kulikuwa na kitu cha ajabu zaidi. Wal Phillips, Mwingereza aliyekuwa dereva wa mashindano ya piki, alitoa katika miaka ya 1960 kifaa kisicho na bakuli la esansi wala floteri. Ni bomba tu lenye mlango wa hewa, na esansi inashuka kwa uzito wake kutoka kwenye tangi. Kwa mbio, kikiwa wazi kabisa, kilivuma. Kwa kusimama na injini ikinguruma polepole, kilikuwa mateso. Fikirieni motari wetu nacho kwenye mzunguko wa katikati ya mji, akisubiri abiria amalize kupatana bei!

Vitu hivi ni adimu kwa sababu rahisi: vilitengenezwa vichache, kwa watu wachache waliotaka mwendo, na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 magari mapya ya Marekani hayana tena kabureta. Sikuona popote ushahidi kwamba kimoja kati ya hivyo kilifanya lita moja kuwa tatu.

Na kwetu pia kuna adimu wake. Fundi wa mikaratusi ana sanduku la mbao, ndani mna Weber moja, namba 34 ICH, iliyotoka kwenye Land Rover ya zamani ya misioni. Land Rover hizo zilikuja na Solex, nyingine baadaye na Zenith. Ile Weber ya Italia ilinunuliwa pembeni ikafungwa badala yake, kwa sababu ilikuwa rahisi kutunza. Mzee huipangusa kwa esansi kila Pasaka. Nilimuuliza kama inakunywa kidogo. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Inakunywa inavyotakiwa," akasema. Watu wanaonunua vyuma chakavu kwa kilo wamemwomba mara nyingi, naye anakataa. Hapo namuunga mkono kabisa, ingawa mke wake ana maoni mengine.

Kwa nini basi hadithi ya kufichwa inatuingia kirahisi hivi? Mimi nadhani ni kwa sababu sisi ni watu ambao kweli tumefichwa mengi. Tumeona madini yakitoka usiku. Tumeona bei ya esansi ikipanda Kasindi bila mtu kutueleza, na kadhafi wa kando ya barabara akiongeza maji yake au mafuta ya taa. Mtu akikuambia wakubwa wameficha kitu, moyo unajibu "ndiyo" kabla akili haijauliza. Muuzaji anajua hivyo. Haibi kwa mkono, anaiba kwa uchungu wetu wenyewe. Na anawatafuta zaidi waliofika juzi, ambao hawajui fundi gani ni mwaminifu na hawana ndugu wa kumuuliza jioni.

Kwa hiyo nasema wazi, hata kama kuna watakaokasirika. Vyama vya wamotari vinakusanya mchango kila siku kwenye vituo. Vinaweza kumzuia mtu huyu asipite na mfuko wake, kama vinavyomzuia motari asiye na jile. Kwenye kila kituo kuna fundi. Mtu akileta kifaa cha miujiza, kifunguliwe hapo hapo mbele ya wote kabla ya pesa kutoka. Mwenye bidhaa ya kweli hataogopa bisibisi. Nasi wa habari tuna deni letu. Kuna redio zilizompa mfanyabiashara wa namna hii dakika za tangazo bila kumuuliza swali hata moja, na mimi mwenyewe nilikaa kimya nilipoisikia, nikisema ni mambo ya mafundi.

Anayetaka kweli kupunguza esansi, aende kwa fundi na maswali haya: filtri ya hewa ni safi? Floteri haivujishi? Buji ina rangi gani? Rangi ya kahawia kama ya mkate uliookwa ni nzuri, nyeusi ni esansi nyingi, nyeupe ni hatari. Na jikleri inafaa kwa milima yetu, au ni ile iliyotoka nayo kiwandani? Ukiwa unashuka Kasindi mara kwa mara, mwambie, apime kwa huko chini, hata kama huku juu utakunywa kidogo zaidi.

Yule kijana nilimwona tena juzi. Mwenye piki hakumfukuza, ila pistoni na kazi ya silinda atazilipa mwenyewe, kidogo kidogo. Kwa sasa anabeba mizigo sokoni. Fundi amempa kabureta ya kawaida iliyotumika, amwambie tu atalipa lini. Ile ya kibandiko cha dhahabu iko juu ya meza ya garaji, imefunguliwa vipande vipande. Kila motari anayepita, Mzee anamwita aje aione.