Tumbo la Mtoto Halitaki Kupumzishwa

Wewe mama unayesoma kitabu hiki ukingoja zamu yako kwenye benchi, na wewe baba uliyemsindikiza, nisikilizeni kidogo. Kuna neno moja linalonisumbua moyo kila mwaka mvua zinapoanza hapa Lubumbashi, wakati embe zinapojaa sokoni na maji ya visima yanapochafuka.

Mama analeta mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto anahara majuma matatu sasa. Si kule kuhara kwa ghafula kunakommaliza mtu kwa siku moja. Ni choo laini mara nne, mara tano kwa siku, leo afadhali, kesho tena. Namwuliza, "Mama, jana alikula nini?" Naye ananijibu bila wasiwasi, tena kwa fahari kidogo, "Hakula kitu. Tunapumzisha tumbo lake. Tulimpa maji ya mchele tu."

Mimi nasema wazi: kupumzisha huku kunaua watoto. Kuhara kunamnyang'anya mtoto maji, njaa inamnyang'anya nyama na damu. Na hiyo njaa hailetwi na adui. Inaletwa na watu wa nyumbani mwake, kwa mapendo.

Siwahukumu, maana mimi mwenyewe nalifanya kosa hilo. Mwanzo wa kazi yangu nalimwambia mama mmoja amnyime mtoto chakula siku mbili mpaka choo kikauke, kwa sababu ndivyo nilivyosikia kwa wakubwa wangu. Choo kikakauka kweli. Kingetoka wapi, na tumbo lilikuwa tupu? Alipoanza kumpa chakula, kuhara kukarudi, naye akamnyima tena. Baada ya mwezi alirudi kwangu na mtoto amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, hacheki wala halii. Mungu alitusaidia, mtoto akapona, na dawa kubwa aliyopewa ilikuwa chakula. Lakini uso wake sijausahau.

Sasa fahamuni sababu. Ndani ya matumbo kuna ngozi nyembamba sana, nayo ndiyo inayopokea chakula na kukipeleka katika damu. Ngozi ile inachakaa upesi, na nyingine mpya inazaliwa kila siku tatu mpaka tano. Wakati wa kuhara inaharibika zaidi. Wewe unayefyatua matofali unajua: mvua ikibomoa ukuta, fundi hawezi kuujenga tena ukimnyima udongo. Chakula ndicho udongo wake. Mtoto asipokula, ngozi haijengwi, isipojengwa, chakula kidogo anachopewa kinapita tu bila kupokelewa, na mama akikiona katika choo anasema, "Unaona? Chakula ndicho kinachomharisha." Basi anapunguza tena. Hivyo ndivyo mtoto anavyozunguka mpaka anakwisha.

Unga wa chumvi wa pakiti, ule unaokorogwa katika litre moja ya maji safi, ni dawa nzuri sana. Mnyweshe kila anapohara. Vidonge vya zinki navyo ni vizuri: kwa mtoto aliyepita miezi 6, miligramu 20 kila siku, kwa siku 10 mpaka 14. Usiache katikati kwa sababu choo kimepata nguvu. Lakini unga wa chumvi unarudisha maji, haurudishi nyama. Kuna mama wanaodhani kwamba mtoto akinywa chupa nzima ya maji yale amekula. Hajala.

Basi tumlishe nini? Kwanza, titi. Usimwachishe. Wengine wanasema mama akishika mimba nyingine maziwa yanakuwa sumu, naye mtoto anaondolewa siku ile ile. Maziwa hayageuki kuwa sumu. Mnajua ugonjwa ule wa kuvimba miguu unaoitwa kwashiorkor? Munganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliandika jina hilo mwaka 1935 alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo. Alilipata kwa mama wa huko, na kwa lugha yao ni ugonjwa wa mtoto aliyesukumwa kando wakati mdogo wake anapokuja. Mama wale walikuwa wameona vizuri kuliko wasomi wengi.

Maziwa ya unga ni neno jingine. Tumbo lililoharibika linashindwa na sukari iliyo ndani ya maziwa. Kwa hiyo mtoto aliyehara siku nyingi usimpe kikombe kikubwa cha maziwa peke yake. Changanya kidogo katika uji, au mpe maziwa yaliyoganda, maana katika hayo sukari ile imepungua. Na vile vinywaji vitamu vya rangi, vya chupa na vya mfuko, viache kabisa. Sukari nyingi inavuta maji ndani ya matumbo, na kuhara kunaongezeka. Nimeona mtoto mnene, anayecheza, uzani wake unapanda vizuri, naye anatoa choo laini kila siku chenye vipande vya mboga. Hakuwa na ugonjwa wa kutisha. Alikuwa na baba mwenye mshahara anayemletea chupa ya kinywaji kila jioni. Chupa ilipokoma na mafuta yakatiwa katika chakula chake, choo kikapata nguvu.

Uji wenu pia ni mwembamba mno. Chota kwa kijiko, ukiinamishe: ukitiririka kama maji, umempa mtoto maji ya moto. Sharti ukae juu ya kijiko. Tena tia ndani kijiko kidogo cha mafuta, ya ngazi au mengine, na karanga zilizotwangwa sana (zile zenye ukungu zitupe, usiziuze wala usizile), au kapenta waliokaushwa na kusagwa kuwa unga. Wazee waliokulia kambi za Union Minière wanakumbuka posho: pamoja na unga walipokea maharagwe, mafuta, karanga. Mtoto wa leo anapewa bukari na mchuzi, samaki ni wa baba. Mpe na yai. Nimesikia kwamba mtoto akila yai atakuwa mwizi. Wezi niliowajua mimi hawakuwahi kushiba mayai.

Kuna na ndizi. Mwaka 2001 waganga wa Bangladesh waliandika juu ya watoto wachanga waliokuwa wakihara siku nyingi. Waliolishwa wali uliochanganywa na ndizi mbichi, iliyopikwa na kupondwa, walipona upesi kuliko waliolishwa wali mtupu. Ndizi tunazo sokoni. Pika, ponda, changanya, tia mafuta.

Mtoto mgonjwa hana hamu, hilo najua. Usimlazimishe sahani kubwa mara mbili. Mpe kidogo kidogo mara sita kwa siku, ukikaa naye, ukimbembeleza. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili, alipe deni la mwili. Na mikono, mama: sabuni kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Maji ya kisima kilicho karibu na choo yachemshwe, hata kama makala ni ghali. Nayajua makala, nami nayanunua.

Sasa nina neno kwa kanisa. Wako mama wanaokuja kwetu wakitoka katika chumba cha maombi, wamefunga siku tatu pamoja na mtoto aliye mgongoni. Mimi ni mhubiri wa Neno, naamini maombi, na kila asubuhi tunaomba katika wodi. Lakini someni Marko sura ya 5. Yairo alikuwa mkubwa wa sinagogi, na binti yake alikuwa amekufa. Yesu akamshika mkono, akasimama, watu wakashangaa. Ndipo Bwana, katikati ya mshangao ule, akaagiza apewe chakula. Aliyemfufua mfu hakuona haya kusema juu ya chakula. Ni nani aliyetupa sisi amri ya kumfungisha mtoto wa mwaka mmoja? Mtu mzima na afunge. Mama anayenyonyesha na mtoto wake wale, na kanisa liwaombee wakiwa wanakula.

Na mama mkwe wetu, ambao neno lao lina nguvu nyumbani, nawasihi kwa heshima: msimtie mtoto dawa ya majani kwa nyuma kwa mpira. Dawa ile inachoma ngozi ninayoisema na kumwondolea maji zaidi. Msiseme pia kwamba ni meno yanaota. Meno yanaota bila kumkondesha mtoto. Wala msinunue vidonge vya kufunga tumbo vya watu wakubwa. Kwa mtoto mdogo vina hatari.

Kuhara kukifika siku 14, usitibu nyumbani peke yako, njoo. Usingoje hizo siku 14 ikiwa kuna damu katika choo, macho yameingia ndani, anatapika kila kitu, analala bila kuamka vizuri, au miguu imevimba. Aliyekonda sana asishindiliwe chakula nyumbani kwa haraka, maana mwili wake umedhoofika hata kushiba kunaweza kumdhuru; huyo analishwa hospitalini kwa kipimo. Tutampima mkono kwa utepe: chini ya milimita 115, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, ni hatari kubwa, naye anaanza matibabu siku ile ile.

Ukija, leta kikombe na kijiko chake cha nyumbani, na uji uliobaki. Nitauinamisha kijikoni mbele yako. Mama mkwe akitaka kuja naye, benchi lina nafasi.