Biskuti za Tangawizi na Heshima ya Mvulana

Muhula uliopita nilirudi bwenini na mkebe wa biskuti za tangawizi. Wenzangu walizila kwa furaha, wakauliza ni nani aliyezioka. Nilipojibu ya kuwa ni mimi mwenyewe, chumba kizima kilicheka, na mmoja akasema kazi hiyo ni ya wasichana. Napenda kumjibu hapa, kwa sababu zamani nami nilicheka vivyo hivyo.

Kila likizo ilipokwisha, dada yangu ndiye aliyenioka biskuti za kuja nazo shuleni. Mwaka juzi sote wawili tulikuwa tukijitayarisha kwa mtihani mmoja. Jioni moja mimi nilikuwa nimeketi mezani na vitabu vyangu, naye alikuwa jikoni, kitabu magotini, kurasa zimejaa unga. Biskuti zilikuwa zangu, lakini mtihani ulikuwa wetu sote. Niliona haya, nikamwomba anifundishe.

Kazi yenyewe si ngumu. Chukua unga wa ngano gramu 250, tangawizi ya unga vijiko vidogo 2, mdalasini kijiko kidogo 1, karafuu zilizosagwa robo kijiko, na soda ya kuokea nusu kijiko. Yeyusha siagi gramu 100 pamoja na sukari gramu 100 na asali vijiko vikubwa 3, kisha uchanganye vyote. Asali ina uchachu kidogo. Ikikutana na soda hutoa hewa inayoinua biskuti. Kanda, sukuma, kata. Asiye na oveni ateleke sufuria kubwa yenye mchanga juu ya sigiri, aweke bati la biskuti ndani, afunike, na makaa machache juu ya kifuniko. Zikianza kuwa nyekundu pembeni zitolewe, hata zikiwa laini bado, maana hukauka zinapopoa. Mimi sikulijua hilo, nikaziunguza zote za kwanza.

Wako watakaosema ya kuwa hiki ni chakula cha kigeni. Ni kweli mji wa Nürnberg, Ujerumani, una sifa ya mikate ya viungo tangu karne nyingi. Lakini viungo hivyo havikuota huko, vilitoka Asia. Kwetu Uganda tangawizi hulimwa Butambala, na karafuu hutoka Zanzibar. Basi mgeni ni nani?

Tena, mpishi wa shule yetu ni mwanamume, na waokaji wa mikate mjini wengi ni wanaume. Hao hatuwacheki. Kumbe tunachokicheka si kuoka, bali ni mvulana kuoka bila mshahara, kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Je, hiyo ndiyo aibu?

Ninyi wanafunzi wa zamani mlio na watoto wa kiume, wafundisheni mapema. Nanyi wenzangu, likizo i karibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Apendaye biskuti na akande unga.

Dada yangu naye sasa yuko bwenini katika shule yake. Mwezi uliopita nilimpelekea mkebe mmoja. Alinijibu kwa barua fupi ya kunishukuru, akaniambia nimezidisha karafuu.