Nani Aandike kwa Jina la Kampuni Changa?

Vijana wanaoanzisha kampuni siku hizi huambiwa mapema kwamba tangazo la kusema "nunua" halitoshi. Hapana budi pawepo maandishi yanayomfundisha mnunuzi namna ya kukitumia kitu na kukitunza. Hapo ndipo wakala wa matangazo anapobisha hodi, akiahidi makala kadhaa kwa malipo ya kila mwezi. Mwenye kampuni, aliyekwisha kuchoka na hesabu, huona amepata mkombozi. Je, atie sahihi?

Kisa cha unga wa Gold Medal chafaa kutazamwa. Mwaka 1921 kampuni ya Washburn-Crosby ya Minneapolis, Marekani, ilitangaza fumbo la picha gazetini. Aliyelifumbua alipewa kimto cha kuchomekea sindano chenye umbo la gunia la unga. Majibu yalifika kiasi cha 30,000. Lakini katika bahasha nyingi mlikuwa na jambo ambalo kampuni haikuliomba, yaani maswali ya akina mama: unga wa mkate ukandwe kwa muda gani, na mengine ya jikoni.

Sam Gale, wa idara ya matangazo ya kampuni hiyo, hakuona vema mwanamume atie sahihi katika barua za upishi. Likabuniwa jina la Betty Crocker, na sahihi yake ikaandikwa na karani mmoja wa kike. Bibi huyo hakuwapo duniani. Majibu yake, hata hivyo, yalitoka kwa wanawake wa kampuni ile ile, waliouoka unga wao na kuujua. Mwaka 1924 akaanza kusikika redioni. Mwaka 1945 jarida la Fortune lilimtaja kuwa wa pili kwa umaarufu miongoni mwa wanawake wa Marekani, baada ya Eleanor Roosevelt. Si haba kwa mtu asiyezaliwa!

Yaweza kusemwa kwamba Washburn-Crosby ilikuwa na watu na fedha, hali kampuni changa ina mwenyewe na wasaidizi wawili. Hoja hiyo ina uzito. Saa tatu za kuandika zimetolewa katika kazi nyingine. Lakini kampuni changa ina upungufu mkubwa zaidi, kwani haijajua bado wateja wake wanauliza nini. Mama aliyenunua unga wa lishe akiuliza kwa nini uji wa mtoto una madonge, wakala atamjibu kwa adabu, na swali litaishia mezani pake. Mwenye kinu angelisikia, pengine angebadili chekecheke. Tena wakala anayeandika leo habari za sabuni na kesho za bima huokota mengi katika intaneti, yakamfaa kila mtu na asipatikane wa kuyakumbuka.

Kupiga picha, kusahihisha lugha, kupanga kurasa na kuyatawanya maandishi ni kazi zinazoweza kukabidhiwa wakala bila hofu. Baadaye, maswali yakishajulikana na fedha zikipatikana, aweza kuongezewa. Mkataba wa kwanza usizidi miezi mitatu, nao useme wazi kwamba maandishi na anwani za wasomaji ni mali ya kampuni. Barua za wateja zifunguliwe kwanza na mwenye kampuni mwenyewe.