Maziwa yakipanda bei, usimlaumu mfugaji

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ATM ya maziwa hapa mtaani. Jamaa aliyekuwa mbele yangu akaweka noti ya 50, akaangalia kiasi kilichoingia kwenye chupa, akang'aka: "Hawa wakulima wametuzoea!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikamkumbuka shangazi yangu kule Machakos, na kicheko kikaniisha.

Wengi wetu tuliozaliwa Nairobi tunadhani kiangazi kikija na bei ikipanda, mfugaji anaunda pesa. Kusema ukweli, huo ndio wakati anaumia zaidi.

Anza na ng'ombe mwenyewe. Friesian asili yake ni Uholanzi na Ujerumani, kwa baridi. Joto likipita nyuzi 25 hivi, anaanza kuhangaika. Anahema, hataki kulala, na anapunguza kula kwa sababu chakula kikisagwa tumboni kinamwongezea joto. Asipokula, maziwa yatatoka wapi? Isitoshe, karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji, na ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa zaidi ya lita 60 kwa siku. Kisima kikikauka, shangazi hununua maji kwa mtungi, yanayoletwa na punda.

Sasa tupige hesabu ya mfano tu. Ng'ombe anatoa lita 15, kila lita shilingi 50. Hiyo ni 750 kwa siku. Ukitoa 400 za chakula, maji na dawa, unabaki na 350. Kiangazi kinaingia, nepia inakauka, na robota la nyasi linapanda bei kwa sababu kila mtu analitafuta. Ng'ombe anashuka hadi lita 9. Hata bei ya lita ikipanda hadi 55, anapata 495. Gharama nazo zimefika 520. Yaani bei imepanda, na bado mfugaji analipa kutoka mfukoni ili wewe unywe chai.

Na mvua ikirudi, mambo hayaishi hapo. Ng'ombe aliyechomwa na jua na kukonda huchelewa kushika mimba. Unalipia mbegu, haishiki, unalipia tena. Mimba ni miezi tisa, na ng'ombe asipozaa hana maziwa. Kwa hivyo kiangazi cha miezi mitatu kinaweza kumtesa mfugaji mwaka mzima.

Utaniuliza, si angeweka akiba ya nyasi wakati wa mvua? Swali poa. Shida ni kwamba mvua ikinyesha, kila boma lina maziwa na bei inaporomoka. Wakati nyasi ni za bei nafuu, mfugaji hana pesa ya kuzinunua wala ghala la kuziweka. Pesa ikija, nyasi hazipo.

Ndiyo maana huwa nashangaa nikiona viongozi wakikata utepe kuzindua mitambo ya kupoza maziwa. Sikatai, mitambo ni muhimu, maana maziwa yakiharibika ni hasara. Lakini mtambo wa kupoza hautamfaa mtu ambaye ng'ombe wake hana cha kula. Mimi ningekuwa na bajeti ya kaunti, ningeanza na ghala la nyasi katika kila chama cha ushirika. Nyasi zinunuliwe zikiwa nyingi, mfugaji achukue kwa mkopo wakati wa kiangazi, akatwe kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa. Halafu zije tangi za kuvuna maji ya mvua na vibanda vyenye kivuli. Hakuna la ajabu hapo.

Na sisi vijana tunaosema hakuna kazi, hapa kuna kazi. Kukata nyasi, kuzifunga marobota, kutengeneza sileji na kuipeleka kwa wafugaji ni biashara ambayo wateja wake wanajulikana na msimu wake unajulikana. Haina mbwembwe za mtandaoni, lakini inalipa kuliko kubeti.

Yule jamaa wa foleni alienda zake na chupa yake nusu. Sikumwambia kitu. Lakini jioni nilimpigia shangazi kumjulia hali. Aliniambia ameuza ng'ombe mmoja ili wawili waliobaki wapate kula.