Kabla ya Leseni, Tuonyesheni Hesabu ya Maji na Stima

Vijana wenzangu, tukisikia data iko "kwenye wingu" tunadhani iko hewani. Haiko. Iko ndani ya majumba yaliyojaa kompyuta zinazowaka usiku na mchana, zinakula stima, na nyingi zinapozwa kwa maji. Hivyo ndivyo vituo vya data, na serikali yetu inavitaka. Sisi wa Pwani tuko mlangoni kabisa, maana nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zinatua Mombasa.

Mei 2024, Microsoft na G42 ya Imarati walitangaza kituo cha dola bilioni 1 kule Olkaria. Kingeanza na megawati 100, na baadaye kiweze kufika 1,000. Sasa piga hesabu. Mwanzoni mwa 2025, matumizi ya juu kabisa ya stima nchi nzima yalikuwa karibu megawati 2,300. Kituo kimoja, kikifika huko, kitataka zaidi ya thuluthi ya hiyo. Je, nani aliulizwa?

Hatupingi teknolojia. Vijana wetu wanaisomea na wanataka kazi. Lakini tusidanganyane: kazi nyingi za vituo hivi ni za ujenzi. Jumba likiisha, wanaobaki ndani ni wachache.

Tazameni Uruguay. Google ilipotaka kujenga kituo huko, watu waliuliza kitatumia maji kiasi gani. Serikali ikasema hiyo ni siri ya kampuni. Ilibidi kesi ifunguliwe ndipo jibu litoke: lita milioni 7.6 kwa siku. Halafu 2023 ukame ukaja, na mifereji ya Montevideo ikatoa maji ya chumvi. Kelele zilipozidi, mpango ukabadilishwa, mitambo ipozwe kwa hewa. Kumbe iliwezekana!

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa maji ya chumvi ni nini. Anayanunua kwa mtungi.

Na sisi tuna somo letu. Lamu, NEMA ilitoa leseni ya kiwanda cha stima ya makaa ya mawe mwaka 2016. Watu wa Lamu wakaenda kwenye Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa, na Juni 2019 leseni ikafutwa, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Owino Uhuru nao walishinda: mwaka 2020 korti iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini wao walishinda wakati risasi ya kiwanda tayari imeingia kwenye damu ya watoto. Lamu walizuia, Owino Uhuru wakaamuliwa kulipwa fidia. Mimi nachagua kuzuia.

Kwa hivyo, kabla ya kituo chochote kupata leseni, tunataka mambo matatu. Lita za maji kwa siku na megawati za stima zitangazwe wazi, na pia maji hayo yatatoka wapi. Ripoti ya athari kwa mazingira ifupishwe kwa Kiswahili na isomwe barazani, si kufungiwa Nairobi. Na masharti ya leseni yaseme wakati wa ukame nani anafungiwa mfereji kwanza, kampuni au mtaa.

Kuitwa hotelini, ukapewa soda na nauli, ukatia sahihi karatasi ya mahudhurio, huko si kushirikishwa. Ni kutumiwa.

Silaha tunazo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari, cha 42 haki ya mazingira safi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, na ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Leseni ikishatolewa, una siku 60 kukata rufaa.

Ukisikia mradi mtaani kwenu, usingoje ukuta upande. Andika barua wiki hiyo hiyo. Uliza swali moja tu: maji kiasi gani?

Wakikwambia ni siri, jua hapo ndipo kazi yetu inaanza.